Mzee Aliyelazwa Ameanza Kuweweseka: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Jana jioni mzee aliwataja wajukuu wake kwa majina na kulalamika kwamba uji wa wodini hauna sukari. Leo alfajiri hajui yuko wapi, anachumachuma shuka kwa vidole, anamwita mkewe aliyefariki miaka mingi iliyopita. Ndugu mmoja anasema ni uzee, mwingine anasema ni mambo ya kwao yanayotaka mganga. Ripoti ya zamu inaandikwa "mgonjwa amechanganyikiwa", kisha anachomwa diazepamu, dawa ya usingizi, ili wenzake walale.

Hali hiyo ni deliriamu, na uzee peke yake hauileti. Ni ubongo ulioelemewa ndani ya saa au siku chache kwa sababu ya kitu kilichoharibika mahali pengine: mapafu, kibofu, sukari, chumvi za damu, au kidonge alichomezeshwa jana. Kijana wa miaka 25 huhitaji ugonjwa mkali sana ndipo akili yake iyumbe. Mzee wa miaka 80 mwenye kisukari na masikio mazito huyumba kwa kibofu kilichojaa tu. Kwa hiyo swali la kuuliza kitandani ni hili: nini kimebadilika tangu jana?

Maelezo haya ni ya wauguzi, matabibu na madaktari wa wodi za kawaida, zile zenye glukomita, kipimo cha oksijeni cha kidoleni, na maabara isiyofanya kila kitu usiku. Ndugu anayelala na mgonjwa naye atakuta mengi yanayomhusu.

## Kwanza, ni deliriamu kweli?

Mambo mawili hayakosekani. Mabadiliko yameanza ghafla, au yanapanda na kushuka ndani ya siku moja: saa 4 asubuhi anaongea vizuri, saa 2 usiku hajitambui. Halafu umakini umevunjika. Hawezi kushika jambo moja akalimaliza. Juu ya hayo pawe na mojawapo kati ya mazungumzo yasiyoshikana na uamkaji usio wa kawaida, yaani amesinzia mno au amechangamka kupita kiasi. Huo ndio mpango wa CAM, kipimo kilichochapishwa na Sharon Inouye na wenzake mwaka 1990, na mtu anaweza kuukumbuka bila karatasi.

Kipimo cha 4AT ni cha haraka zaidi na hakitaki mafunzo marefu. Usinziaji au fadhaa iliyo wazi ni alama 4. Maswali manne (umri, tarehe ya kuzaliwa, hapa ni wapi, huu ni mwaka gani): kosa moja ni alama 1, makosa mawili au zaidi ni 2. Kutaja miezi kinyumenyume kuanzia Desemba: akifikisha saba sawasawa ni 0, akianza asifike saba au akikataa ni 1, asiyepimika kabisa ni 2. Mabadiliko ya ghafla au ya kupanda na kushuka ni alama 4. Jumla ikifika 4, tafuta chanzo usiku huo huo. Alama 1 hadi 3 huenda ni usahaulifu wa siku nyingi, lakini rudia kumpima kesho.

Kwa wazee wa kwetu kipimo hicho kina mitego yake. Wengi hawajui tarehe waliyozaliwa. Wanajua walizaliwa mwaka wa njaa fulani au wakati wa vita. Wengine hawajawahi kuita mwezi kwa jina, kwao ni mwezi wa tano na mwezi wa sita. Muulize ndugu kwanza: akiwa mzima, babu angeweza kujibu hili? Kama asingeweza, mpe siku za juma kinyumenyume kuanzia Jumapili, au ahesabu kutoka 20 kurudi 1. Kinachopimwa ni kushika kazi moja mpaka mwisho, elimu haimo. Usimpime kwa Kiswahili mtu aliyeishi maisha yake yote kwa Kisukuma au Kiha. Mtafute ndugu au mhudumu anayeijua lugha yake. Mvalishe miwani yake, kaa upande wa sikio linalosikia.

Mtego mkubwa kuliko yote ni salamu. Ukisema "Shikamoo babu", atajibu "Marahaba, hujambo?" kwa sauti ile ile ya siku zote, na kwenye raundi ataandikwa kuwa anajitambua. Marahaba imekaa kinywani kwa miaka 60. Hutoka hata pale ubongo haushiki kitu kingine chochote. Baada ya salamu, mpe kazi ya nusu dakika ndipo uandike.

Dimenshia, ule usahaulifu unaokuja polepole kwa miezi na miaka, haianzi Jumanne. Lakini mwenye dimenshia ndiye anayepata deliriamu kwa wepesi kuliko wote, kwa hiyo ndugu akisema "amekuwa msahaulifu tangu mwaka juzi", endelea kuuliza: wiki iliyopita alikuwa hivi? Akijibu "hapana, hivi ni tangu juzi", jibu umeshalipata.

## Dakika 10 za kwanza kitandani

Usianze na fomu ya maabara. Anza na yale yanayoua haraka na kurekebishika hapo hapo.

Sukari. Pima sasa, hata kama hana kisukari. Chini ya 3.9 mmol/L imeshuka. Anayemeza vizuri mpe gramu 15 hadi 20 za sukari, takriban vijiko 4 vya chai ndani ya maji, upime tena baada ya dakika 15. Asiyeweza kumeza mpe gramu 25 za dekstrozi kwa mshipa: ml 50 za asilimia 50, au ml 250 za asilimia 10, ambayo haiunguzi mishipa myembamba ya mzee. Kama alikuwa anatumia glibenklamaidi, kidonge cha kisukari, kuamka kwake kusikudanganye. Dawa hiyo hukaa mwilini, hasa figo zikiwa dhaifu, na sukari itashuka tena. Endelea kupima kwa saa 24 au zaidi. Mzee anayekula nusu bakuli la uji kwa siku huku chati ikiendelea na glibenklamaidi asubuhi na jioni ni hatari ya kutafutwa kila raundi. Aliyekonda sana au mnywaji wa pombe apewe thaiamini (vitamini B1) pia, ila sukari isingojee thaiamini itafutwe.

Oksijeni na upumuaji. Chini ya asilimia 90 anahitaji oksijeni. Kidole chenye rangi ya kucha au hina nyeusi kiachwe; hamia kidole kingine au ndewe ya sikio. Kwenye ngozi nyeusi kipimo hiki huweza kuonyesha namba ya juu kuliko ilivyo kweli, kwa hiyo asilimia 92 kwa mzee anayehema isikutulize. Hesabu pumzi kwa dakika nzima, kwa saa mkononi. Pumzi 25 au zaidi kwa dakika huweza kuwa dalili ya kwanza ya nimonia, kabla ya homa na kabla ya kikohozi. Chati ambayo wagonjwa wote wa wodi wameandikiwa pumzi 20 haisaidii mtu, hesabu upya.

Joto na presha. Nyuzi 36.8 hazifuti maambukizi. Mwili wa mzee hauwashi moto kama wa kijana; zaidi ya 37.8 mdomoni, au kupanda kwa nyuzi 1.1 juu ya joto lake la siku zote, inatosha kutia shaka. Presha ya 110 ya juu kwa mtu anayeishi na 165 ni presha iliyoshuka.

Kibofu na choo. Weka kiganja juu ya kinena, gonga kwa kidole. Mlio mzito unaopanda kuelekea kitovu, na uso unaokunjamana ukibonyeza, ni mkojo uliokwama. Kuloana kwa shuka hakuondoi shaka hiyo, kwa sababu kibofu kilichofurika huvuja. Kama tayari ana mpira wa mkojo, ufuate kwa mkono kutoka mwilini hadi kwenye mfuko: huenda umekunjika chini ya paja au umeziba. Kwa mwanamume mwenye tezi dume, mkojo uliokwama wiki nzima utakuwa umeanza kuharibu figo, kwa hiyo pima na kreatinini, kipimo cha figo. Kisha vaa glavu, chunguza puru kwa kidole. Choo kigumu kilichojaa huweza kuambatana na kuharisha majimaji yanayopita pembeni, na mzee akaishia kupewa dawa ya kufunga tumbo.

Maumivu. Asiyeweza kusema "naumwa" huonyesha kwa kukunja uso, kukataa kugeuzwa, kushika sehemu moja. Gusa nyonga zote mbili, angalia visigino na kiuno kutafuta vidonda vya kulalia, angalia mahali dripu ilipochomwa.

Ukimaliza hayo, andika kwenye faili saa ambayo hali ilianza. Bila saa hiyo chati ya dawa haisomeki.

## Amelala tu, hasumbui mtu

Huyu ndiye anayepotea. Hapigi kelele, hang'oi dripu, anakula akilishwa na kulala tena, na kwenye ripoti anaitwa "ametulia". Deliriamu ya kimya huachwa bila kugunduliwa mara nyingi kuliko ya fujo, na mwisho wake huwa mbaya zaidi: vidonda vya kulalia, chakula kuingia kwenye mapafu, kukauka maji.

Kwa mgonjwa wa namna hii fikiria kwanza dawa za usingizi na za maumivu. Mboni ndogo kama tundu la sindano na pumzi chini ya 12 kwa dakika ni mofini au ndugu zake. Naloksoni, dawa inayozima mofini, kwa dozi ndogondogo za mg 0.1 hadi 0.2 itamwamsha bila kumrudishia maumivu yote kwa mpigo. Kisha fikiria kabonidioksaidi iliyojikusanya. Mapafu yaliyoharibiwa na kifua kikuu cha zamani, sigara, au miaka 40 ya moshi wa kuni jikoni (akina bibi wengi hawajawahi kuvuta sigara na bado mapafu yao yako hivyo) hayapendi oksijeni nyingi bila kipimo. Kama tangu awekewe oksijeni ya lita 10 anazidi kusinzia, mikono ina joto, na viganja vinadunda akiinyoosha, punguza hadi kipimo cha kidole kisome asilimia 88 hadi 92. Wagonjwa wengine walengwe asilimia 94 hadi 98.

Viganja vinavyodunda hivyo hutokea pia kwa ini lililoshindwa na figo zilizoshindwa. Kwa mwenye ugonjwa wa ini uliza choo: cheusi kama lami ni damu tumboni, kisichotoka siku tatu ni sumu iliyobaki ndani. Mpe laktulozi, dawa ya kulainisha choo, ml 30 mara 3 kwa siku, ukiipunguza au kuiongeza mpaka apate choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku.

Macho yanayokodoa bila kukufuata, na kope au pembe ya mdomo inayochezacheza, huenda ni degedege lisilo na mitetemo. Hilo ni la kumpigia simu daktari mkuu mara moja.

## Imeanza baada ya dawa mpya

Chukua saa uliyoandika, rudi nyuma saa 72 kwenye chati. Dawa gani imeongezwa, imepandishwa, au imekatwa ghafla? Kisha omba mfuko wa plastiki ulio chini ya mto au kwenye kabati, kwa sababu ndugu huleta dawa za nyumbani na za duka la dawa wakiwa na nia njema kabisa.

Kundi la kwanza la kushuku ni dawa zinazokausha: klorfeniramini, ile ya mafua inayojulikana zaidi kama Piriton, promethazini, yaani Phenergan, ambayo huandikwa kwa kutapika, kuwashwa na hata kukosa usingizi, amitriptilini ya ganzi za miguu, triheksifenidili kwa wanaotumia dawa za akili. Picha yake haina utata ukiitafuta: mdomo mkavu kiasi cha ulimi kugota, mboni kubwa, mapigo ya mbio, ngozi kavu yenye joto, mkojo umekwama, na mikono inayochuma vitu hewani. Piriton moja usiku inatosha kwa mzee mwenye dimenshia.

Diazepamu ni tatizo la namna yake. Kadiri umri unavyoongezeka ndivyo mwili unavyochelewa kuitoa. Kwa mtu wa miaka 80 nusu ya dozi huweza kubaki mwilini siku tatu au nne. Dozi ya mg 10 kila usiku kwa siku tatu inajirundika, na usingizi unaoandikwa siku ya nne kama kuzidiwa kwa ugonjwa ni wa dawa.

Tramadoli, dawa ya maumivu, huchanganya akili, huweza kushusha sodiamu na kuleta degedege. Pethidini, nayo ya maumivu, humomonyoka kuwa kitu kinachochochea ubongo na hukwama figo zikiwa mbovu. Kwa mzee haifai. Prednisoloni na deksamethasoni hukesha na mgonjwa, hasa zikitolewa jioni. Siprofloksasini, digoksini kwa mwenye figo dhaifu, isoniazidi, efavirenzi na kwinini zote zimo kwenye orodha. Mitishamba nayo iulizwe bila kukemea. Ukimkaripia ndugu leo, kesho hatakuambia alichomnywesha mzee.

Dawa inayoshukiwa iondolewe moja kwa moja kama haina ulazima. Ila diazepamu na fenobabitoni zilizotumiwa miezi mingi hazikatwi ghafla. Kukatwa kwenyewe huleta deliriamu nyingine, sawa na ile ya pombe.

## Siku ya 2 hadi ya 4 ya kulazwa, anatetemeka na kutoa jasho

Hapa shuku pombe iliyokatika. Kutetemeka huanza ndani ya saa 6 hadi 24 tangu kikombe cha mwisho, degedege mara nyingi ndani ya saa 48, na kuweweseka kwa kuona vitu, mapigo ya mbio na jasho jingi hufika kati ya saa 48 na 96. Mzee aliyeletwa kwa kuvunjika mguu hakuulizwa kuhusu pombe, na sasa siku ya tatu anafukuza nyoka kitandani.

Uliza kwa jina la kinywaji: mbege, ulanzi, komoni, gongo, chang'aa, busaa. Anayekunywa mbege kila jioni na wenzake huenda akakuambia kwa moyo mweupe kwamba yeye si mlevi. Waulize na akina bibi, maana wapishi wa pombe huonja.

Hii ndiyo deliriamu ambayo diazepamu ni tiba yake. Kwa mzee anza na mg 5, mwangalie, rudia kwa kadiri ya dalili, huku mtu akihesabu pumzi. Thaiamini kwa mshipa itangulie au iambatane na dripu ya sukari. Kama macho yanachezacheza au hayaendi upande mmoja, na alikuwa anayumba kabla ya kulazwa, dozi ni mg 200 hadi 500 mara 3 kwa siku. Vidonge vya vitamini B vya kawaida havifiki huko.

## Kuna homa, au mRDT ni chanya

Kipimo cha haraka cha malaria (mRDT) huweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya malaria kutibiwa, kwa sababu kinasoma mabaki ya protini ya vimelea. Kwa mzee aliyechanganyikiwa omba slaidi pia. Vimelea vikionekana, kuchanganyikiwa kwenyewe ndiko kunakoifanya iwe malaria kali: atesuneti kwa mshipa mg 2.4 kwa kilo, saa ya 0, ya 12 na ya 24, kisha mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza dawa mseto. Na bado usifunge faili. Mzee anaweza kuwa na malaria na nimonia usiku mmoja.

Mkojo una mtego unaofanana. Bakteria kwenye mkojo wa mzee, hasa wa kike au mwenye mpira, ni jambo la kawaida bila ugonjwa wowote. Kipimo cha mkojo kikiwa chanya, wodi hupumua, antibayotiki zinaanza, na nimonia inaendelea chini ya pafu la kulia. Ukubali mkojo kuwa chanzo pale tu kuna homa, maumivu ya kiuno au kinena, au kukojoa kulikobadilika ghafla, na umeshasikiliza mapafu nyuma ya mgongo. Wengi husikilizwa kifuani tu kwa sababu kumkalisha mzee ni kazi ya watu wawili. Mkalisheni.

Shingo ngumu kwa mzee huweza kuwa ya mifupa iliyochakaa tu. Iliyo ya homa ya uti wa mgongo hukataa kuinama mbele lakini hugeuka kushoto na kulia. Ya mifupa hukataa pande zote. Kipimo cha VVU kisiachwe kwa sababu mgonjwa ana miaka 74. Akiwa na VVU, kipimo cha kriptokokasi (kuvu anayeshambulia ubongo) kwenye damu na maji ya uti wa mgongo yafuate.

## Hakuna homa, hakuna dawa ya kushuku

Omba sodiamu kwanza. Mzee anayetumia bendrofluazaidi au haidroklorothiazaidi kwa presha, aliyeharisha au kutapika, kisha akanyweshwa maji matupu kwa wingi, ni mgombea mkuu. Chini ya 125 mmol/L akili huyumba. Ikate dawa hiyo, na usiipandishe sodiamu kwa zaidi ya 8 mmol/L ndani ya saa 24, kwani kupandisha haraka huharibu shina la ubongo na madhara yake mara nyingi hayarudi nyuma. Upande wa pili yuko mzee aliyekauka kwa kukosa mtu wa kumpa kikombe. Maji yapo kwenye kabati, mkono haufiki.

Kalsiamu iliyopanda ifikiriwe kwa mwenye saratani, anayeona kiu, anayekojoa sana na kufunga choo. Mshtuko wa moyo kwa mwenye kisukari huweza kuja bila maumivu ya kifua, akachanganyikiwa tu na kutoa jasho baridi, kwa hiyo ECG, kipimo cha umeme wa moyo, ni kipimo cha deliriamu pia.

Kisha uliza kuhusu kuanguka. Kuanguka kokote ndani ya wiki sita au nane zilizopita, hata kule kwa bafuni alikoinuka mwenyewe akacheka. Damu inayojikusanya taratibu chini ya utando wa ubongo hupandisha na kushusha fahamu vile vile deliriamu inavyofanya. Anayetumia wafarini au aspirini, dawa zinazozuia damu kuganda, yuko hatarini zaidi. Mboni zisizolingana, mkono mmoja unaoshuka ukinyooshwa, au kutapika: rufaa ya CT (picha ya ubongo) isisubiri kesho.

Yupo pia anayeongea sana, kwa sauti na mwendo wa kawaida, ila maneno hayana maana. Mwonyeshe kwa ishara afanye kitu, afumbe macho, ashike pua. Akiiga vizuri na kukufuata kwa macho, umakini upo. Kilichoharibika ni lugha, na hicho ni kiharusi.

## Baada ya upasuaji wa nyonga

Hapa vyanzo huja kwa kundi: damu iliyopotea, oksijeni iliyoshuka, maumivu, dawa za maumivu, mkojo uliokwama baada ya ganzi ya mgongo, usiku mbili bila usingizi. Pima hemoglobini. Toa parasetamoli kwa saa, gramu 1 kila saa 6 kwa mwenye kilo 50 au zaidi, na mg 15 kwa kilo kwa aliye chini ya hapo. Ikiandikwa "akihitaji", mgonjwa aliyechanganyikiwa hataiomba. Mofini kidogo inayoondoa maumivu huchanganya akili kidogo kuliko maumivu yasiyotibiwa.

Oksijeni ikishuka ghafla kati ya saa 24 na 72 baada ya mfupa kuvunjika, akili nayo ikayumba, geuza kope uangalie madoa madogo mekundu. Huenda ni mafuta ya mfupa yaliyoingia kwenye damu.

## Usiku huo huo, wakati unatafuta

Usimfunge mikono. Anayefungwa hupigana zaidi, huumia, na kukwama kitandani. Mruhusu ndugu mmoja abaki hata saa za kuona wagonjwa zikiisha. Mlinzi wa getini aelezwe kwa maandishi. Ndugu huyo afanye kazi ya maana: amvalishe miwani, ampe maji kwa vijiko, amkalishe wakati wa kula, amwambie kila mara kwa lugha ya nyumbani hapa ni wapi na saa ngapi, asibishane naye kuhusu nyoka wa ukutani. Taa kubwa izimwe usiku, dirisha lifunguliwe asubuhi, dawa za saa 8 za usiku zisogezwe kama zinaweza. Mpira wa mkojo usio na sababu utolewe leo. Utunzaji wa aina hii una uzito: kwenye utafiti wa Inouye na wenzake wa mwaka 1999 wenye wagonjwa 852, waliohudumiwa hivyo tangu walazwe walipata deliriamu kwa asilimia 9.9, waliohudumiwa kawaida asilimia 15.

Dawa ya kutuliza ibaki kwa yule tu anayejihatarisha au kuhatarisha wengine, na njia nyingine zimeshindikana. Haloperidoli mg 0.5 kwa mdomo au msuli, subiri hadi saa moja kabla ya kurudia. Kidonge cha mg 5 kilichozoeleka kwa vijana wenye saikosisi ni mara 10 ya dozi hiyo. Mwenye ugonjwa wa Parkinson asipewe kabisa, atakakamaa.

## Chanzo kimetibiwa, akili haijarudi

Rudi mwanzo na utafute cha pili. Kwa wazee vyanzo viwili au vitatu kwa pamoja ndilo jambo la kawaida: nimonia imepona, lakini choo kimekwama tangu aanze tramadoli, na Piriton bado iko kwenye chati kwa sababu hakuna aliyeifuta. Pima sukari upya, gusa kibofu upya, soma chati upya mstari kwa mstari.

Ukiwa umefanya hivyo na vipimo vimetulia, mpe muda. Ubongo huchelewa kufuata mwili, kwa siku, kwa wiki, wakati mwingine miezi. Akiruhusiwa kabla hajarudi kawaida, andika neno "deliriamu" kwenye karatasi ya kuruhusiwa pamoja na vyanzo vilivyopatikana na dawa zilizoondolewa, umsomee ndugu kwa sauti, na mpange siku ya kumpima tena umakini na kumbukumbu baada ya wiki sita hivi.